Malisho yamekufa? Anza na ekari moja, kwa pesa kidogo kidogo

Ukiishi Kajiado, Makueni, Baringo au Pokot Magharibi, unakijua kile kipande cha ardhi tunachoongelea. Zamani kilikuwa nyasi tupu. Leo ni udongo mwekundu, vichaka vya miiba na mifereji inayozidi kupanuka kila mvua ikinyesha. Ng'ombe wanapita tu hapo, hawasimami kula.

Na bei ya kukiacha hivyo tunaijua sote. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, mvua ilikosa misimu mitano mfululizo katika maeneo mengi kame ya Kenya. Mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. Wengi waliuza ng'ombe kwa bei ya kutupa kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuwalisha, na waliobaki na pesa walikuta belo la nyasi limepanda bei.

Wateja wetu wengi ni wafugaji, kwa hivyo swali hili tunaliskia mara kwa mara: nikiwa sina laki moja ya kuweka waya na kuleta trekta, naweza kufufua shamba langu? Jibu ni ndiyo, ukifuata mpangilio. Pesa nyingi hupotea kwa sababu mtu ameanza na kununua mbegu, na mbegu inafaa kuja karibu mwisho.

Hatua ya 1: Pumzisha kwanza

Kabla hujatuma hata shilingi moja, tembea shambani na uangalie chini. Ukiona mashina ya nyasi kila hatua moja au mbili, hata kama yameliwa hadi usawa wa udongo, hiyo nyasi bado iko hai. Inataka mapumziko tu. Zuia mifugo msimu mzima wa mvua, iache ikue hadi idondoshe mbegu, na unaweza kuwa umemaliza kazi bila kununua chochote.

Ukitembea hatua ishirini bila kuona shina, na udongo umeshikana juu kama sakafu, hapo mapumziko peke yake hayatoshi. Endelea na hatua ya 2 na ya 3.

Wazo la kupumzisha si geni. Wamaasai wamekuwa na olopololi tangu jadi: kipande karibu na boma kinachotunzwa kwa ajili ya ndama na mifugo wagonjwa. Kule Chepareria, Pokot Magharibi, familia zilianza kuzungushia malisho yao ua wa miti na miiba miaka ya 1980, na leo sehemu nyingi zilizokuwa udongo mtupu zina nyasi.

Uzio wa bei nafuu uko pale pale shambani. Kata vichaka vidogo vilivyosongamana na upange matawi yake kuzunguka ekari yako. Usifyeke kila kitu, acha miti mikubwa ya kivuli. Kama una mathenge, kuikata juu juu ni kazi bure kwa sababu inachipuka tena. Chimba uitoe na shina lake chini ya udongo.

Hatua ya 2: Shika maji

Kwenye ardhi iliyoshikana, mvua hukimbia na kuondoka na udongo na mbegu. Ndiyo maana mtu anaweza kupanda kilo nyingi na asione kitu.

Dawa yake ni jembe na sururu. Chimba vishimo vyenye umbo la nusu mwezi, upana wa mita 5 hivi kutoka ncha hadi ncha, na udongo uliochimba uuweke upande wa chini wa mteremko uwe ukingo. Mdomo wa nusu mwezi unatazama juu, maji yanakotoka. Mstari wa pili wa vishimo uanzie kwenye nafasi zilizoachwa na mstari wa kwanza, ili maji yanayoponyoka juu yashikwe chini. Vishimo vya aina hii vimechimbwa kwa maelfu huko Kajiado, na ukipita baada ya mvua unaona miduara ya kijani katikati ya udongo mtupu.

Hatua ya 3: Sasa nunua mbegu

Chagua nyasi za kwetu zinazojua kiangazi. Kwenye agroveti uliza kwa majina haya: Cenchrus ciliaris, Eragrostis superba, Enteropogon macrostachyus na Chloris roxburghiana. Changanya aina mbili au tatu, moja ikikataa nyingine itashika. Kilo 2 zinatosha ekari moja.

Panda udongo ukiwa mkavu, wiki mbili hivi kabla ya mvua. Mbegu hizi ni ndogo, kwa hivyo usizifukie: kwaruza udongo kidogo, mwaga, halafu kokota tawi la miiba juu yake. Zikiingia chini sana hazitoki.

Na hapa tuwe waangalifu, kwa sababu ndipo watu wanapoliwa pesa. Mbegu ya nyasi ni rahisi kuchanganywa na makapi, na mbegu iliyovunwa juzi mara nyingi huwa bado imelala, inahitaji miezi kadhaa ghalani ndipo iote. Kabla ya kununua kilo, omba kiganja kimoja. Hesabu mbegu 100, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu kwa wiki mbili, kisha uhesabu zilizoota. Zikiota 5, umeokoa pesa yako.

Unapolipa:
• Lipa kwa namba ya biashara ya duka, si namba ya mtu binafsi uliyeonana naye kwenye kikundi cha mtandaoni.
• Soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri. Jina likiwa tofauti, simama hapo hapo.
• Kama mbegu inatoka mbali, tuma sehemu ya pesa, malizia ukishapokea mzigo.
• Weka ule ujumbe wa malipo. Mbegu zikikataa, ndio ushahidi wako.

Pesa yenyewe itatoka wapi?

Tuchukue mfano wa ekari moja. Bei hizi ni za kukusaidia kupiga hesabu tu, weka za kwenu:

• Vibarua 2 wa uzio, siku 3, KSh 500 kwa siku: KSh 3,000
• Nusu mwezi 30, KSh 150 kila moja: KSh 4,500
• Mbegu kilo 2, KSh 1,000 kwa kilo: KSh 2,000
• Akiba ya dharura, kama kurudia penye mapengo: KSh 1,000
• Jumla: KSh 10,500

Ukilenga mvua ya Oktoba na uanze kuweka Aprili, hiyo ni KSh 1,750 kwa mwezi. Iweke kwenye pochi ya akiba ya simu, mbali na pesa ya matumizi, la sivyo itaenda na unga na kredo. Mwisho wa Mei unayo ya uzio. Mwisho wa Agosti unayo ya vishimo. Septemba unanunua mbegu, na akiba ya dharura inabaki. Familia ikifanya uzio yenyewe, gharama inashuka zaidi.

Vibarua walipe kwa kazi iliyokamilika: vishimo kumi vikaguliwe, ulipe vya kumi. Ukilipa kwa simu, stetimenti yako inakuwa daftari la shamba. Mwaka ujao utajua ekari ya pili itakula ngapi bila kukisia.

Tuseme ukweli kuhusu mkopo wa simu: kwa kazi hii, hapana. Mikopo mingi ya simu hulipwa ndani ya siku 30. Nyasi iliyopandwa Oktoba haitakuwa imekupa chochote kufikia Novemba, na mkopo utakuwa umeiva. Utauza mbuzi kulipa deni la nyasi, na nyasi ilikuwa ya kumlisha huyo mbuzi. Afadhali uuze mbuzi mmoja mapema, akiwa amenona na bei iko juu, kuliko kumuuza kiangazi akiwa mifupa.

Ikishaota, usiikimbilie

Msimu wa kwanza ng'ombe hawaingii kabisa. Mizizi bado ni michanga, na ng'ombe anaing'oa nyasi nzima. Subiri mbegu zikomae, uzivune kwa mkono, uzianike kivulini na uzihifadhi kwenye gunia linalopitisha hewa. Hizo ndizo za ekari ya pili, na zinazobaki unawauzia majirani. Baada ya hapo kata nyasi, ukiacha urefu wa kiganja ili ichipue tena.

Sasa fikiria kiangazi. Ng'ombe wa kienyeji wa kilo 250 anahitaji karibu kilo 7 za nyasi kavu kwa siku. Belo la kilo 15 linamtosha siku mbili, kwa hivyo miezi mitatu ya ukame ni belo 45 kwa ng'ombe mmoja. Piga hesabu hiyo kwa bei ya belo ya kiangazi kilichopita sokoni kwenu, kisha uilinganishe na ile KSh 10,500. Ekari moja haitalisha kundi zima, tuelewane. Lakini inaweza kuokoa ng'ombe wa maziwa na ndama wake, na kwa familia nyingi hao ndio tofauti kati ya kuanza upya na kuendelea.

Kama ardhi ni ya pamoja, anzeni na mazungumzo kabla ya michango. Uzio wa miiba haumzuii jirani ambaye hakuulizwa. Kubalianeni kipande gani kinapumzika, kwa muda gani na nani analinda. Mchango wa mlinzi uingie kwenye akaunti ya kikundi ambayo kila mwanachama anaona pesa ikiingia na kutoka. Vikundi vingi huvunjika kwa sababu ya hesabu iliyo kichwani mwa mtu mmoja.

Wiki hii fanya mambo mawili tu: tembea shambani uhesabu mashina ya nyasi, na ufungue pochi ya akiba uipe jina "Nyasi". Weka chochote ulicho nacho, hata kama ni mia mbili. Mvua ikifika, ikukute umejipanga.