Programu ya filamu imetoa siri zangu?

Swali: Naishi Ohio, Marekani. Nalipia programu ya filamu, na sasa Facebook inaniletea matangazo ya filamu nilizotazama. Naweza kudai fidia?

Jibu: Huenda unaweza. Mwaka 1987 gazeti moja la Washington lilichapisha orodha ya filamu alizokodi Robert Bork, aliyeteuliwa kuwa jaji wa Mahakama ya Juu. Bunge likakasirika, na 1988 ikapitishwa sheria inayokataza kutoa jina la mteja pamoja na alichotazama bila ridhaa yake ya maandishi, tena iliyotengwa na masharti mengine. Mahakama inaweza kukupa fidia isiyopungua dola 2,500.

Ugumu uko kwenye ushahidi. Matangazo pekee hayatoshi. Lazima ithibitike kwamba kampuni ilituma kwa makusudi utambulisho wako wa Facebook pamoja na jina la filamu. Kesi dhidi ya Hulu, huduma ya kutazama filamu mtandaoni, ilianguka 2015 hapohapo. Hilo linaniuma, kwa sababu mtazamaji haoni kinachotumwa nyuma ya skrini.

Una miaka 2 ya kufungua kesi tangu ulipogundua. Hifadhi picha za skrini na risiti, kisha mwone wakili akusomee kipengele cha usuluhishi katika masharti ya programu hiyo, ambacho kinaweza kukuzuia kwenda mahakamani.