Kutoka Kompyuta Hadi Wilson: Mwalimu wa Urubani Awajibu Wasomaji wa Nakuru

Mwalimu, nina miaka sita nikirusha Cessna 172 kwenye kompyuta hapa Section 58. Ya kweli nitaiweza?

Angani utaiweza mapema kuliko unavyodhani. Shida itaanzia chini. Vijana wa kompyuta huja wakijua kila swichi. Kisha tunaanza kuitembeza ndege kuelekea njia ya kurukia, na kijana anazungusha usukani wa mkono kama dereva wa matatu. Ndege haigeuki. Ardhini Cessna huongozwa kwa miguu. Hata wakati wa kupaa, injini ikiwa na nguvu zote, pua huvutwa kushoto na mguu wa kulia ndio unaoinyosha. Nyumbani programu inaweza kukufanyia kazi hiyo kimyakimya miaka yote sita, usijue kuna aliyekuwa akikusaidia.

La pili ni macho. Umezoea kusoma mita kwa sababu kioo chako ni kidogo. Mimi hubeba karatasi. Mwanafunzi akianza kuinamia dashibodi, naifunika. Punde anagundua kwamba nje kuna upeo, na ndege inatulia. Na kuna makalio, samahani kwa lugha: kiti kinapokusukuma au kukuacha, mwili hupata habari kabla ya mita. (Ndani ya wingu mwili huohuo hudanganya, na hapo mazoea yako ya mita yatakufaa. Lakini hayo ni masomo ya baadaye.)

Saa zangu za nyumbani zitahesabiwa?

Hapana. Leseni ya rubani binafsi inataka angalau saa 40. Kwa kanuni za kimataifa, saa 5 tu kati ya hizo zaweza kufanywa kwenye mtambo wa kuigiza, tena ulioidhinishwa, mwalimu akiwepo. Kabla hujalipa ada popote, nenda kwa daktari anayetambuliwa na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya.

Nasikia ndege "huchoka" huku kwetu. Ni kweli au ni maneno ya barazani?

Ni kweli, na ndilo swali ninalotamani kila mtu angeuliza. Uwanja wa Lanet uko juu kidogo ya futi 6,200. Kwa mwinuko huo, vitabu vya ndege huchukulia joto la nyuzi 3 hivi. Saa nane mchana wa Februari joto likiwa nyuzi 25, hewa hutanuka na kuwa nyepesi, na kwa ndege ni kana kwamba iko karibu futi 9,000. Bawa linapata hewa kidogo, pangaboi linashika kidogo, na injini isiyo na turbo imepoteza takriban robo ya nguvu zake. Mita ikisoma maili 60 za baharini kwa saa, magurudumu yanakimbia karibu 70, kwa hiyo unahitaji lami zaidi ili uinuke. Kisha unapanda polepole, Menengai ikikungoja mbele kwa futi zake 7,400 na ushee.

Programu nzuri hulihesabu hilo, ila ukipaa kila siku kutoka viwanja vya usawa wa bahari hulioni. Leo usiku weka uwanja wako Lanet, jaza watu wanne na mafuta, weka nyuzi 25, kisha uone. Na ile fimbo nyekundu ya mafuta usiisukume hadi mwisho: hewa ni chache, punguza mafuta. Sisi wenyewe tukija bondeni kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, hupenda asubuhi, kabla jua halijachemsha ardhi.

Je, flamingo ni hatari?

Mimi humwogopa zaidi mwari. Wari hutaga Elementaita na kuja kuvua samaki Ziwa Nakuru, na ili kuvuka hupanda na hewa ya moto wakizunguka, ile ile inayokurusha wewe. Mmoja aweza kufika kilo 10. Kompyuta haitakufundisha kumtafuta.

Mimi ni mama wa Njoro. Binti yangu wa miaka 16 hataki kitu kingine. Nimruhusu?

Mruhusu, mama. Leseni ataingoja mpaka 17, lakini kuruka na mwalimu anaweza sasa. Beryl Markham alikulia hapo Njoro kwenye shamba la farasi la babake. Septemba 1936 alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kuelekea magharibi, mafuta yakakoma kufika kwenye injini, na ndege ikachomeka pua matopeni Nova Scotia. Hiyo sehemu ya mwisho mwonyeshe.

Siku ya kwanza nije na nini?

Viatu vya soli nyembamba, uzisikie pedali. Buti za kupandia Menengai ziache nyumbani.