Meno ya kahawia: ya kufanya nyumbani na ya kuacha

Katika mabaraza ya afya kuna swali ambalo haliulizwi mbele ya watu. Mwenye swali hungoja mkutano umalizike, husogea kando, kisha huuliza akiwa amefunika mdomo kwa mkono: nitumie nini nyumbani ili meno yangu yawe meupe? Wengi wanaouliza ni vijana wanaojiandaa kwa mahojiano ya kazi au kwa harusi. Wengi pia wametoka upande wa Kieni, Mweiga na Naro Moru, au kwa majirani zetu wa Nanyuki. Swali hilo linastahili jibu la wazi, kwa sababu wanaokosa jibu hujitibu wenyewe kwa vitu vinavyowaharibu meno moja kwa moja.

Kabla ya kununua chochote, simama mbele ya kioo penye mwanga wa jua na uangalie doa lako liko wapi. Doa la chai, kahawa, tumbaku, miraa au muguka hukaa juu ya jino. Huanzia karibu na fizi na katikati ya meno, na mara nyingi huwa baya zaidi upande wa ndani wa meno ya chini, mahali mswaki haufiki vizuri. Meno mawili yaliyo jirani yanaweza kutofautiana kabisa.

Doa la maji lina sura nyingine. Hujitokeza kwa jozi: jino la mbele la kushoto hufanana na mwenzake wa kulia, kama kwamba mtu mmoja aliyachora yote mawili. Huanza kama mawingu meupe au mistari myembamba inayokata jino kwa upana, na kwa walioathirika zaidi hugeuka kahawia na kuacha vishimo vidogo. Ukiwauliza ndugu zako waliokulia boma moja nawe, utakuta wengi wao wanalo. Meno ya utotoni kwa kawaida huwa hayakuguswa sana, na ndiyo maana wazazi husema mtoto "alikuwa na meno mazuri mpaka alipong'oa". Kuna pia jino moja pekee lililogeuka kijivu baada ya kugongwa. Hilo ni jino ambalo huenda limekufa ndani, na mwenye nalo aende kliniki bila kungoja.

Kinacholeta doa la maji ni madini ya floraidi. Mlima Kenya ni volkano iliyozimika, na safu ya Aberdare pia ilijengwa na volkano. Maji yanayokaa muda mrefu chini ya ardhi katika mawe ya aina hii huyeyusha floraidi iliyomo. Maji ya mto unaoteremka haraka kutoka mlimani, kama Chania ambao hulisha mabomba ya mji wa Nyeri, hayapati muda huo. Ndiyo sababu mtu aliyekulia mjini anaweza kuwa na meno meupe, na binamu yake aliyekunywa maji ya kisima kirefu Kieni akawa na ya kahawia, ilhali wote wawili hupiga mswaki asubuhi na jioni. Utafiti uliochapishwa mwaka 1984 ulipima maji ya visima zaidi ya 1,000 kote nchini, na takriban visima 6 kwa kila 10 vilikuwa na zaidi ya miligramu 1 ya floraidi kwa lita. Kiwango cha juu kinachokubaliwa na Shirika la Afya Duniani (WHO), na pia na viwango vya maji ya kunywa hapa kwetu, ni miligramu 1.5 kwa lita.

Madini haya huharibu jino likiwa bado linaundwa ndani ya ufizi, kabla halijachomoza. Gamba gumu la nje, linaloitwa enameli, hutengenezwa mara moja tu maishani. Kwa meno ya kudumu ya mbele, yale yanayoonekana mtu akicheka, kazi hiyo huanza mtoto akiwa mchanga na hukaribia kumalizika anapoingia shule. Kwa meno mengine huendelea hadi umri wa takriban miaka 8. Mtoto akinywa floraidi nyingi katika miaka hiyo, enameli hukomaa ikiwa na matundu madogo sana yasiyoonekana kwa macho, na matundu hayo baadaye hunyonya rangi. Mtu mzima anayehamia Kieni leo akiwa na miaka 30 hatabadilika rangi ya meno kwa sababu ya maji hayo.

Kwa hiyo doa hili limo ndani ya jino, si uchafu uliolala juu yake. Walimu watusaidie kulieleza hili darasani, maana watoto hutaniwa kwamba hawapigi mswaki, na wengine huacha kabisa kucheka.

Sasa tuje kwa yale yanayofanywa nyumbani. Mimi mwenyewe nikiwa mwanafunzi wa chuo nilisugua meno kwa mkaa uliosagwa kwa wiki tatu hivi, kwa sababu mwenzangu wa chumbani aliapa kwamba ulimsaidia. Nilichopata ni meno yaliyouma kila nilipokunywa maji baridi. Mkaa na jivu huondoa doa la chai kwa kukwaruza, na hukwaruza enameli pia. Enameli haina uhai wa kujikuza tena kama ngozi. Chini yake kuna tabaka la jino lenye rangi ya manjano, kwa hiyo anayesugua kwa nguvu ili awe na meno meupe mwishowe huwa na meno ya manjano zaidi kuliko alivyoanza.

Limau na ndimu ni mbaya kuliko mkaa. Enameli huanza kuyeyuka asidi inaposhuka chini ya takriban pH 5.5, na maji ya limau yako kati ya 2 na 3. Mng'ao unaouona siku ya kwanza ni wa jino lililokwanguliwa na asidi. Ukila tunda chachu au kunywa soda, suuza kwa maji na usubiri angalau nusu saa kabla ya kupiga mswaki. Magadi ya kuokea mikate hayana ukali huo na yanaweza kupunguza doa la chai, lakini hayaingii ndani ya jino wala hayazuii kuoza. Dawa ya kung'arishia nguo, asidi ya betri na karatasi ya msasa havifai kuingia kinywani hata kidogo, na nisingeviandika hapa kama visingekuwa vinatumiwa.

Kwa doa la juu la chai au miraa, dawa ni ya kawaida: mswaki laini mara mbili kwa siku kwa dakika mbili, dawa ya meno yenye floraidi, na kusafishwa ukoga kwa daktari wa meno. Ziara moja ya kusafishwa hufanya kazi ambayo mkaa wa mwaka mzima hauwezi, bila kupunguza jino.

Jeli za kung'arisha zinazouzwa mitandaoni na kwenye vibanda vya urembo hutumia peroksaidi. Kemikali hiyo hufanya kazi kweli, na madaktari wa meno wenyewe huitumia. Shida ni nguvu yake na nani anayeipima. Katika Umoja wa Ulaya, tangu mwisho wa 2012, bidhaa yenye zaidi ya asilimia 0.1 ya peroksaidi haiuzwi kwa mtumiaji moja kwa moja. Ile ya hadi asilimia 6 huanzishwa na daktari wa meno, wala haitumiwi kwa walio chini ya miaka 18. Jeli isiyoandikwa kiwango chochote kwenye kifurushi iache dukani. Mwenye doa la maji ajue jambo moja zaidi: jeli hung'arisha jino zima, kwa hiyo mawingu meupe yanaweza kuonekana zaidi, na kahawia iliyokolea mara nyingi hupungua tu bila kwisha. Madaktari wa meno wana njia nyingine, kama kukwangua tabaka jembamba kwa kipimo au kufunika jino kwa vifaa vya rangi ya meno. Kliniki ya meno ya Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyeri itakuchunguza na kukueleza ni njia ipi inayokufaa. Ukienda kwingine, hakikisha kwamba jina la anayekuhudumia limo katika orodha ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC), ambayo iko wazi kwenye tovuti yake.

Hayo ni ya mtu mzima ambaye doa lishampata. Kwa mtoto ambaye meno yake ya kudumu bado yako ndani ya ufizi, nyumbani ndiko kwenye nguvu kubwa zaidi. Huko Marekani, katika mji mdogo wa Oakley jimboni Idaho, wazazi waliona meno ya watoto wao yakibadilika rangi baada ya mji kuvuta bomba kutoka chemchemi ya maji ya uvuguvugu. Mwaka 1923 daktari wa meno Frederick McKay alienda kuwaona. Alipima maji asione kitu, kwani floraidi ilikuja kutambuliwa kuwa chanzo mwaka 1931. Hata hivyo aliwashauri waliache bomba lile watumie chemchemi nyingine. Miaka michache baadaye watoto wadogo wa Oakley walianza kuota meno ya kudumu yasiyo na doa. Walibadilisha maji tu.

Sisi tunaweza kufanya hivyo hata bila bomba jipya. Maji ya mvua hayana floraidi ya kuhesabika. Mtoto mmoja hahitaji zaidi ya lita 3 kwa siku za kunywa na kupikiwa uji, kwa hiyo kiangazi cha siku 120 kitataka lita 360, yaani mapipa mawili ya lita 200 yaliyojaa chini ya paa la mabati. Acha mvua ya kwanza ioshe paa kabla ya kukinga, funika mapipa, na uchemshe maji hayo kabla ya kunywa ili kuua viini. Kama hayatoshi, changanya. Maji ya kisima yenye miligramu 3 kwa lita, yakichanganywa nusu kwa nusu na ya mvua, hushuka hadi 1.5.

Usichemshe maji ya kisima ukidhani floraidi itatoka. Maji hupungua, madini yanabaki, na sufuria inakuwa na floraidi nyingi kwa kila lita kuliko mwanzo. Dawa ya klorini haiiondoi, wala vichujio vya kawaida vya mshumaa. Mitambo inayosukuma maji kupitia utando mwembamba, kama ile ya baadhi ya vibanda vya kuuza maji, huiondoa. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe huiondoa pia, na majirani zetu wa Nakuru wana ujuzi huo kwa miaka mingi kupitia Dayosisi ya Kanisa Katoliki.

Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana hata pale mama anapokunywa maji ya kisima, kwa hiyo kunyonyesha pekee kwa miezi 6 humkinga mtoto. Maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji ya kisima hayamkingi. Magadi ya kulainishia githeri na njahi yanaweza kuwa na floraidi nyingi. Ya mtoto ipikwe bila hayo. Dawa ya meno isiachwe, kwani floraidi kidogo huzuia kuoza: ya aliye chini ya miaka 3 iwe kiasi cha punje ya mchele, na ya miaka 3 hadi 6 iwe kiasi cha punje ya njegere. Mtoto ateme, asimeze.

Kujua kiwango cha kisima chako ni lazima kipimwe, kwa sababu visima viwili vilivyo karibu vinaweza kutofautiana sana. Kama kilichimbwa kwa mkandarasi, mwulize mwenyekiti wa mradi ripoti ya uchunguzi wa maji na utafute mstari wa floraidi. Kama hakuna ripoti, afisa wa afya ya umma katika wadi yako, au afisi ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji (WRA) iliyoko Nanyuki, watakuelekeza kwenye maabara. Chukua chupa safi ya plastiki, si ya glasi, isuuze mara tatu kwa maji ya kisima hicho, ijaze na uandike jina la kisima na tarehe. Majibu yakizidi 1.5 kisima hakifungwi. Maji yake yaendelee kufua, kuogea na kuoshea vyombo, na mapipa ya mvua yawe ya watoto walio chini ya miaka 8.