KUNYONYOKA MANYOYA KWA MBWA WADOGO

Mkulima mwenye mbwa mdogo wa kulinda kuku na kuua panya yampasa kuijua ngozi ya mbwa wake kama aijuavyo ya mbuzi wake. Mbwa akinyonyoka, watu wengi humpaka mafuta machafu ya gari, au humfukuza. Yote mawili ni makosa. Kwanza pambanua hali hizi tatu.

1. Kupukutika kwa desturi.
Manyoya ya mbwa si ya namna moja. Mbwa wa namna ya Pomeranian ana manyoya ya tabaka mbili, marefu juu na laini chini, nayo hupukutika kwa wingi kwa majira. Manyoya ya Poodle hukua muda mrefu wala hayapukutiki sana. Basi yasipochanwa na kukatwa hufungamana, na ngozi iliyo chini yake huchubuka. Ukiona manyoya yameanguka lakini ngozi ni safi, hapana upara, wala mbwa hajikuni, usiwe na hofu. Usimnyoe Pomeranian mpaka ngozini, maana manyoya yaweza kukawia miezi mingi kuota tena.

2. Upara wa kuzaliwa.
Wako mbwa wazaliwao bila manyoya mwilini, kama Chinese Crested na mbwa wa namna hiyo wa Mexico na Peru. Mwaka 2008 wataalamu walitambua kuwa sababu yake ni badiliko katika jeni iitwayo FOXI3. Mbwa hao hukosa pia baadhi ya meno. Usipandishe wawili wasio na manyoya, kwa kuwa kwa kadiri robo ya mimba hufa tumboni. Upara huu hauna dawa wala hauambukizi. Mpe mbwa kivuli, maana jua humwunguza.

3. Ugonjwa.
(a) Upele. Wadudu wadogo mno huchimba ngozi na kutaga mayai ndani yake. Mbwa hujikuna usiku na mchana. Upara huanza kwenye ncha za masikio, viwiko na tumbo. Upele huu huambukiza mbwa wengine upesi, na watoto wanaolala naye hupata vipele vya kuwasha.
(b) Wadudu wa vinyweleo. Mtoto wa mbwa huwapata kwa mama yake siku za kwanza za kunyonya. Upara hutokea kuzunguka macho na mdomo, wala haumwashi sana. Mara nyingi hupona wenyewe. Ukienea mwili mzima, mbwa huyo atibiwe wala asizalishwe.
(c) Choa. Ni mabaka ya mviringo, nayo huambukiza watu na ndama.
(d) Viroboto. Upara huwa mgongoni karibu na mkia.

4. Yakupasayo kufanya.
Mtenge mbwa mgonjwa, wala watoto wasimshike. Choma matandiko yake ya majani, ufagie mahali alalapo. Kisha mwite Bwana Mifugo, naye atakwangua ngozi kidogo na kuitazama kwa darubini. Ikiwa ni upele, mbwa wote wa boma watibiwe pamoja, na dawa irudiwe kama utakavyoagizwa. Ukiacha mmoja, ataambukiza wote tena.

Usitumie mafuta ya gari: mbwa huyalamba, nayo ni sumu. Wala usikisie dawa ya josho au sindano ya ng'ombe. Ng'ombe wa kilo 300 ana uzito wa mbwa 60 wa kilo 5. Kipimo cha mmoja chaweza kumwua mwingine. Mwambie Bwana Mifugo uzito wa mbwa na namna yake, kwa sababu mbwa wa ukoo wa Collie wengi hudhuriwa na dawa iitwayo ivermectin, hata ikiwa kipimo ni cha kadiri.

Mtazame mbwa wako masikioni, viwikoni na tumboni kila juma. Upele uonwao mapema hutibiwa kwa gharama ndogo, na watoto wako hulala bila kujikuna.