Motokaa Ipi Yafaa Kazi ya Polisi?

Mtu akisimama kando ya barabara kuu itokayo Eldoret kwenda Kitale, pale Moi's Bridge, hatakawia kuona motokaa ya polisi ikipita. Pengine ni pikapu kubwa ya Toyota Land Cruiser yenye askari walioketi nyuma. Pengine ni gari dogo la chini liendalo mbio. Pengine ni pikipiki. Watoto waliopo hapo huanza mara moja kubishana ni lipi lishindalo mengine kwa mwendo. Ubishi huo wafaa watoto. Lakini mtu mzima ambaye ng'ombe wake wamechukuliwa usiku wa manane, naye akaa mbali na lami, haulizi gari lipi lina mbio. Auliza ni lipi litakalofika kwake kabla hakujapambazuka.

Mji huo zamani uliitwa Hoey's Bridge, kwa jina la Arthur Cecil Hoey, mwindaji aliyefika katika nchi ile mwanzoni mwa karne ya 20. Na daraja lenyewe ni la kuvukia mto Nzoia. Baada ya Uhuru ulipewa jina la Daniel arap Moi. Ni nchi ya mahindi na ngano. Lami yapita katikati ya mji, reli ya Kitale ipo, na maghala ya nafaka yaonekana toka mbali, hata mgeni aweza kudhani kwamba gari lolote lingetosha kwa kazi ya hapo. Na aiache lami basi, hata kilometa tatu tu, katika mwezi wa Agosti. Mahali palipoinuka pana udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni. Mabondeni mna udongo mweusi unaonata, ambao hulikamata gurudumu na kuijaza mifereji ya tairi hata isionekane tena. Mvua huanza Machi au Aprili na kuendelea mpaka Oktoba hivi. Zikiisha mvua huja mavuno, na barabara hujaa malori na matrekta yenye matela, mengine hayana taa za nyuma. Gari la kituo sharti liyaweze yote hayo.

Kabla ya kuchagua chombo, yapasa kwanza kuijua kazi. Katika picha za sinema polisi hufukuza wezi tangu mwanzo hata mwisho. Katika kituo cha mashambani kufukuzana kwa magari ni jambo la nadra. Dereva huanza zamu kwa kuwapeleka mahabusu mahakamani. Akirudi huitwa penye ajali ya lori na matatu, naye huwachukua majeruhi kwa sababu gari la hospitali halijafika. Mchana humpeleka mpelelezi kutazama mlango uliovunjwa. Jioni huzunguka sokoni polepole, akisimama hapa na pale. Usiku huitwa kuamua ugomvi wa ndugu wawili juu ya mpaka wa shamba, kabla haujafika kwenye mapanga. Siku nyingine hubeba maiti. Karibu kazi yote hiyo ni kuchukua watu na vitu, na kungoja huku injini ikinguruma.

Jambo hili si geni. Gari la kwanza la polisi lisilovutwa na farasi lilitumika katika mji wa Akron, Marekani, katika mwaka 1899. Lilikwenda kwa nguvu za umeme, na kazi yake ilikuwa kuwachukua watu waliokamatwa mpaka kituoni. Hata leo Polisi wa jimbo la Michigan, katika nchi hiyo hiyo, hujaribu kila mwaka magari ya polisi yanayotengenezwa na viwanda mbalimbali, na polisi wa majimbo mengine husoma hesabu zao kabla ya kununua. Hupima upesi wa kushika mwendo, mwendo wa juu kabisa, nguvu za breki, na jinsi gari linavyozishika kona. Tena hupima jambo ambalo wengi hawalifikirii: jinsi askari anavyoketi, kama aweza kuifikia redio bila kuinama, na kama milango yampa nafasi ya kutoka upesi. Ni busara kufanya hivyo, maana askari wa doria hushinda garini zamu nzima, na mgongo wake ni sehemu ya mashine. Walakini jaribio la huko lafanyiwa juu ya lami. Haliwezi kumwambia mkuu wa kituo cha Moi's Bridge kama gari litapanda kutoka bondeni likiwa na watu wanane na mbuzi wawili wa ushahidi.

Kwa miaka mingi jibu la swali hilo katika Kenya lilikuwa Land Rover. Gari hilo lilionyeshwa mara ya kwanza huko Amsterdam katika mwezi wa Aprili 1948. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha karibuni, chuma cha mabati kilikuwa haba katika Uingereza, basi mafundi wakafanya bodi yake kwa madini ya aluminiamu, ambayo haishikwi na kutu upesi. Magurudumu yake yote manne yaweza kuvutwa na injini, na pamoja na giya za kawaida lina giya za chini za kupandia mahali pagumu. La kwanza lilikuwa fupi, inchi 80 toka ekseli ya mbele hata ya nyuma. Baadaye likafanywa refu la inchi 109, ambalo liliweza kuchukua askari nyuma katika mabenchi. Fundi wa kijijini aliweza kulifungua kwa spana chache. Hizo ndizo sifa zake. Aibu zake pia zajulikana na kila aliyelipanda: lilikuwa na kelele, springi zake ngumu zilichosha viungo, na maji ya mvua yaliingia kwa njia ambazo hata kiwanda hakikuzijua. Kiwanda kiliacha kutengeneza gari la ukoo huo wa kwanza katika mwezi wa Januari 2016.

Kwa barabara kuu Polisi wa Kenya walitumia pia magari ya chini, na mojawapo lililokumbukwa sana ni Peugeot 504, iliyoanza kuuzwa katika mwaka 1968. Sifa yake katika Afrika ya Mashariki haikutokana na matangazo tu. Ndugu yake mkubwa, Peugeot 404, ilishinda mashindano ya Safari katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968, na 504 yenyewe ikashinda katika 1975. Springi zake ndefu na laini zilimeza mashimo, nayo ilishika barabara kwa utulivu. Gari la namna hiyo hufika penye ajali kwa upesi, halinywi mafuta mengi, na askari hushuka hajachoka. Lakini tumbo lake li karibu na nchi, na magurudumu mawili tu ndiyo yavutayo. Likiingia katika tope la Agosti, askari hushuka na kusukuma, na raia waliopiga simu huja kuwasaidia waliowaita wawasaidie.

Hapa yafaa kusimama kidogo juu ya jambo la mwendo, kwa sababu watu wengi, hata madereva wa zamani, hulielewa vibaya. Hudhani kwamba gari likiongeza mwendo mara mbili, litahitaji nafasi mara mbili ya kusimama. Si hivyo. Kitabu cha Kanuni za Barabara cha Uingereza chaeleza kwamba gari liendalo maili 20 kwa saa, dereva akikanyaga breki juu ya lami kavu, husimama baada ya meta 6. Likienda maili 40 huhitaji meta 24, yaani mara nne. Likienda maili 60 huhitaji meta 55, yaani karibu mara tisa. Tena hizo ni meta za breki peke yake. Kabla mguu haujafika kwenye breki gari limekwisha kwenda meta nyingine 6, 12 au 18, wakati dereva anapotambua hatari. Barabara ikilowa, nafasi ya kusimama huwa mara mbili au zaidi. Sasa mtu na afikiri juu ya gari la polisi liendalo maili 60 kwa saa usiku, kati ya Matunda na Moi's Bridge, na mbele yake trekta lenye tela la mahindi lisilo na taa. King'ora hakifupishi hata meta moja.

Leo gari lionekanalo sana katika vituo vya mashambani ni Land Cruiser ya ukoo wa 70, ambao Toyota ilianza kuutoa katika mwaka 1984. Nyingi zina injini ya dizeli ya lita 4.2 yenye silinda sita, isiyo na mbio, lakini yenye subira ya punda. Chasisi yake ni imara, na springi za nyuma ni za mabamba ya chuma yaliyopandana, ambayo hayaogopi mzigo. Kwa udongo wa Nzoia ni vigumu kutaja chombo kingine kilicho bora zaidi.

Hata hivyo wema wa gari kwa njia mbovu si wema kwa kila jambo. Gari lililoinuka juu, likiwa limejaa watu nyuma, hupinduka kwa urahisi zaidi likikata kona kwa mwendo, kwa sababu uzito wake u juu. Na mara nyingi wale walioketi katika benchi za nyuma hawana mkanda wa kuwafunga. Dereva aliyezoea kuona gari lake likishinda matope huanza kuamini kwamba litashinda na lami pia. Hapo ndipo hasara hupatikana.

Kisha lipo jambo la wale wanaochukuliwa. Pikapu yenye benchi mbili haina chumba cha pili. Mwanamke aliyepigwa, na mtu anayeshtakiwa kumpiga, mara nyingine hupandishwa nyuma pamoja, magoti yao yakigusana, mpaka kituoni. Ushahidi wake huenda ukabadilika kabla hajafika. Vivyo hivyo mtu aliyetiwa pingu, katika gari lirukalo juu ya mashimo, hawezi kujishika asianguke, naye bado hajahukumiwa na hakimu yeyote. Karandinga lenye vyumba ni bora kwa kazi hiyo, lakini halipatikani kila kituo. Kwa kuwa halipo, jambo dogo la kumketisha mlalamikaji mbele pamoja na dereva lingeondoa taabu kubwa, wala halina gharama.

Tena Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 49, yataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, wala zisipite saa 24, isipokuwa saa hizo zikiishia wakati ambapo mahakama haifanyi kazi. Kwa hiyo gari lililoharibika si shida ya dereva tu. Ni haki ya mtu iliyokwama pamoja na gia.

Na mafuta je? Malalamiko ya raia walioambiwa kwamba gari lipo lakini halina mafuta yamesikika katika sehemu nyingi za Kenya, na wengine wametakiwa wachangie. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tuseme gari kubwa latumia lita 14 kwa kila kilometa 100, na dogo latumia lita 8. Kituo kikipewa lita 140, gari kubwa litakwenda kilometa 1,000, na dogo 1,750. Ikiwa gari kubwa ndilo linalotumwa kupeleka barua mjini na kuzunguka soko, basi usiku ukifika wa kwenda bondeni tangi litakuwa tupu. Pikipiki ingeipeleka barua hiyo kwa mafuta kidogo sana.

Serikali nayo imejaribu njia nyingine. Tangu mwaka 2013 ilianza kukodi magari ya polisi kutoka kwa makampuni, badala ya kuyanunua yote. Faida yake ni kwamba mwenye gari ndiye mwenye mzigo wa kulitengeneza, na gari bovu halilali uani mwa kituo miaka na miaka likigeuka kiota cha kuku. Lakini mkataba hauondoi tope, wala haumfundishi dereva.

Yupo pia askari asiye na gari lolote. Katika mwaka 1965 Polisi wa Lancashire, katika Uingereza, walianza kuwapa askari wa mitaa magari madogo ya Ford Anglia, ili mmoja aweze kuzunguka eneo kubwa. Wakafika upesi kila walipoitwa, na njia hiyo ikaigwa na wengine. Baada ya miaka kadhaa watu wakaanza kulalamika kwamba askari hawawajui tena, kwa kuwa waliwaona kupitia kioo tu. Katika soko la Moi's Bridge siku ya mnada, askari wawili waendao kwa miguu husikia mengi ambayo hayapenyi mlango wa Land Cruiser.

Gari lolote litakalochaguliwa, dereva hulitazama asubuhi kabla ya zamu: mafuta ya injini, maji, breki, upepo wa tairi pamoja na ile ya akiba, taa zote, na redio. Dereva wa nchi ya tope huongeza kamba nene, jembe, na mbao mbili za kuweka chini ya magurudumu. Na kwa kuwa hata Land Cruiser huzama, huandika ndani ya daftari lake nambari ya simu ya mkulima aliye karibu na kila bonde, mwenye trekta.