Gari la mzigo linalia? Jua linalia LINI kabla hujaenda gereji

Wengi wetu hapa tunauza mtandaoni na mzigo unamfikia mteja kwa IST, Probox, Noah au kirikuu. Gari hilo ni sehemu ya duka lako. Likianza kutoa mlio usioueleweka, kuna hasara mbili zinakunyemelea: kupuuza mlio wa hatari ukiwa barabarani na mali za watu, au kubadilishiwa spea ambazo hazikuwa na shida.

Hii ya pili inakula mtaji kimyakimya. Ukifika kwa fundi ukasema "linagonga mbele, nadhani shokapu", umeshamchagulia spea. Shokapu zitafungwa, utalipa, na mlio unaweza kubaki palepale.

Kazi yako si kuwa fundi. Kazi yako ni kumpelekea fundi maelezo yatakayopunguza kubahatisha. Fuata hatua hizi kwa mpangilio.

HATUA YA 1: Shusha mzigo wote
Toa na jeki, spana, chupa iliyoingia chini ya siti, kila kinachoweza kucheza. Endesha tena. Mlio ukiisha, huenda shida ilikuwa upangaji tu. Ila kama unarudi kila ukijaza mzigo, chungulia kama tairi linagusa bodi, na umwambie fundi kwamba linalia likiwa limebeba. Hiyo ni taarifa muhimu.

HATUA YA 2: Jaribu likiwa limesimama
Weka P au free, vuta handbreki, kisha kanyaga mafuta taratibu. Mlio ukitokea hapo, anza kufikiria injini, mkanda au bomba la moshi. Mkanda uliolegea au kuchakaa hupiga kelele kali hasa asubuhi unapowasha. Bati linalokinga joto kwenye bomba la moshi likilegea, linacheza kama kopo.
Kama kimya ukiwa umesimama, lakini mlio unaongezeka kadiri gari linavyokimbia, elekea kwenye tairi, beringi, breki na shafti.

HATUA YA 3: Tembea, badilisha kitu kimoja kimoja
Tafuta sehemu isiyo na magari mengi. Wewe endesha, mwenzako asikilize na arekodi kwa simu.

👉 Tak-tak-tak ukikata kona hadi mwisho: kwa gari linalovutwa na tairi za mbele, kama IST nyingi, mshukiwa wa kwanza ni jointi ya shafti upande wa tairi. Chungulia nyuma ya tairi: mpira uliochanika na grisi iliyorukia pembeni ni ushahidi mkubwa. Kirikuu nyingi zinasukumwa na tairi za nyuma, kwa hiyo "tak" ukiingiza gia au ukiondoka inaweza kutoka kwenye jointi za propela.

👉 Uvumo kama wa ndege unaopanda na spidi: ni tairi au beringi. Ukibadilika ukitoka lami kuingia lami ya aina nyingine, angalia tairi kwanza. Pitisha kiganja juu yake gari likiwa limesimama, utasikia kama limelika vibaya. Uvumo ukizidi unapokata kushoto, uzito umehamia kulia, hivyo beringi ya kulia ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Ukizidi unapokata kulia, anza na ya kushoto.

👉 Mluzi mwembamba kwenye breki: pedi nyingi zina kibati kinacholia zikikaribia kuisha. Mluzi wa dakika chache asubuhi baada ya mvua unaweza kuwa unyevu tu. Ukiendelea siku nzima, kaguliwa.

👉 Ngo-ngo ukipita kwenye mashimo na matuta: hapo kuna shokapu, boljointi, linki za stabilaiza na bushi. Sauti zao zinafanana sana, ndiyo maana usimtajie fundi spea. Mwambie "inagonga mbele kushoto nikipita tuta taratibu".

👉 Tik-tik inayofuata spidi: kabla ya yote kagua kokoto au msumari kwenye tairi. Hiyo ni bure kabisa.

⚠️ HAPA USIENDELEE NA SAFARI
• Chuma kinasaga chuma ukikanyaga breki
• Kugonga au kutikisika kumeanza baada ya kubadilisha tairi: nati zinaweza kuwa zimelegea
• Usukani umelegea ghafla au gari linavuta upande mmoja
• Injini inagonga na taa ya oili imewaka: zima injini

Paki sehemu salama, hamishia vifurushi kwa boda na umwandikie mteja mapema: "Habari dada, gari letu limepata hitilafu. Mzigo wako uko salama, utafika kesho saa nne asubuhi. Samahani sana." Mteja akiambiwa mapema anavumilia. Anayekasirika ni yule anayepiga simu mara tano bila kujibiwa.

Na tafadhali, usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Hata kwa dakika moja.

HATUA YA 4: Andika ujumbe wa fundi
Mfano: "Fundi, ni IST. Uvumo unaanza spidi 60, unazidi nikikata kushoto, unapungua nikikata kulia. Likiwa limesimama hakuna kitu. Tairi nimezikagua, hazijalika upande."
Fundi mzuri akisoma hapo, atanyanyua mbele kulia kwanza, azungushe tairi kwa mkono asikie kama linakwaruza, alishike juu na chini alitikise aone kama linacheza. Asipopata kitu, ataenda nyuma kulia. Muombe akuonyeshe ubovu kabla hajafungua, na akukabidhi spea ya zamani akimaliza.

MWISHO: ingiza kwenye daftari
Andika tarehe, kilomita, mlio, spea na gharama. Tuseme mwezi huu matengenezo ni 90,000 na umepeleka vifurushi 180. Hapo kila kifurushi kimebeba 500 ya matengenezo, kabla ya mafuta. Kama nauli unayomtoza mteja haijabeba hiyo 500, faida ya bidhaa ndiyo inayolipa gereji.

Hifadhi posti hii, mtumie na muuzaji mwenzako mwenye gari. Gari lako linalia vipi? Andika hapo chini: linalia lini, upande gani, spidi ngapi. Tujifunze pamoja. 🙏