Rafu ya Bafuni Isiyodondoka: Namna ya Kuchagua Rafu na Gundi

Kabla hujaenda dukani kununua rafu ya kuwekea sabuni na shampuu, ingia kwanza bafuni uupapase ukuta. Ukuta ndio unaoamua ununue rafu gani na gundi ipi. Wengi wetu huanza na rafu iliyotupendeza macho, tukaibandika jioni ileile na kuipakia chupa, kisha siku si nyingi tukaikuta sakafuni. Lawama zote huishia kwa gundi, ilhali mara nyingi tatizo ni kwamba imewekwa mahali pasipoifaa au haikupewa muda wa kukauka.

Ukuta wangu unafaa rafu gani?

Pitisha kiganja. Kama ni marumaru laini zinazong'aa, una uhuru mkubwa: zinashika gundi vizuri, na hata vile vikombe vya mpira vinavyojinyonya ukutani vinaweza kukaa. Marumaru zenye vipele au michoro iliyoinuka hazifai kwa vikombe hivyo, kwa sababu hewa hupenya pembeni na mpira huachia. Usiviweke pia juu ya mstari wa saruji unaotenganisha marumaru mbili.

Ukuta wa lipu uliopakwa rangi unahitaji tahadhari. Gundi hushika rangi, haiushiki ukuta wenyewe, hivyo uzito ukizidi rangi itabanduka pamoja na rafu. Hapo tumia skrubu, au nunua rafu ya kusimama sakafuni kwenye kona. Kama umepanga na mwenye nyumba hataki kuta zitobolewe, rafu ya kusimama ndiyo salama zaidi, nawe utahama nayo.

Rafu itabeba uzito gani?

Piga hesabu mapema. Lita moja ya shampuu au sabuni ya maji ina uzito wa karibu kilo moja. Chupa tatu za lita moja, dodoki lililolowa na vipande viwili vya sabuni tayari vinazidi kilo tatu. Soma kwenye boksi rafu inabeba kilo ngapi, kisha wewe ipakie nusu tu ya kiasi hicho, maana ukuta wa bafuni una unyevu na watu hushikilia rafu wanapoteleza. Rafu ya kubandika kwa gundi haifai kuwa kishikio cha mzee au mgonjwa. Kishikio cha mtu hufungwa kwa skrubu na fundi anayejua kazi yake.

Ninunue ya plastiki, kioo au chuma?

Plastiki ni nyepesi, haishiki kutu na bei yake ni nafuu. Kioo kinapendeza lakini ni kizito na kikivunjika ni hatari, kwa hiyo usikitumie penye watoto. Chuma ndicho chenye kasoro nyingi zilizojificha, hasa kwa wakazi wa Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa, ambako hewa ya bahari na maji ya visima yenye chumvi huharakisha kutu.

Nenda dukani na sumaku ndogo. Chuma kisichoshika kutu chenye alama 304 hakivutwi na sumaku, au huvutwa kidogo sana. Sumaku ikinasa kwa nguvu, huenda ni chuma cha kawaida kilichopakwa ung'avu juu, na ung'avu huo ukichubuka kutu huanzia hapo. Angalia pia chini ya rafu: lazima pawe na matundu au nafasi za kupitisha maji, la sivyo sabuni itayeyuka na uchafu utaganda.

Gundi ipi ni ya kazi hii?

Supa gluu, ile ya kichupa kidogo inayoshika kwa sekunde chache, inafaa kuunga kikombe kilichokatika mkono au kipande kidogo cha plastiki ngumu. Ikishakauka huwa kama kioo: ukiigonga inaachia, na maji ya kila siku huidhoofisha. Usiitegemee kubeba rafu.

Silikoni ni gundi laini kama mpira, huuzwa kwenye mrija mrefu unaokamuliwa kwa bunduki yake. Haiogopi maji, na inafaa sana kubandika kitu chepesi kwenye marumaru na kuziba nyufa. Silikoni yenye harufu ya siki isitumike nyuma ya kioo cha kujitazamia, kwa sababu huharibu ule mpako wa fedha. Omba ile isiyo na harufu ya siki.

Epoksi ni gundi ya mirija miwili inayochanganywa. Mara nyingi ni sehemu sawa kwa sawa, lakini soma maelekezo ya pakiti. Hushika chuma, kioo, jiwe na marumaru kwa nguvu kubwa. Changanya kidogo kidogo, kwa kuwa zile za haraka huanza kuganda ndani ya dakika tano hivi.

Gundi nyeupe ya mbao iache nje ya bafu, kwani aina ya kawaida hulainika ikilowa.

Jambo jingine: zipo plastiki zinazokataa karibu gundi zote. Geuza chombo utazame chini yake. Ukiona pembetatu yenye namba 2 au 5, usipoteze gundi yako. Tumia skrubu au kamba.

Nibandike vipi?

Kwanza, osha ukuta kwa sabuni, suuza, kisha uache ukauke. Ukiweza, bafu lipumzike usiku mzima bila kuogewa. Pili, futa mahali pa kubandika kwa spiriti na kitambaa safi ili kuondoa mafuta ya sabuni, na usipaguse tena kwa vidole. Tatu, kama ni silikoni, paka mistari ya wima yenye nafasi katikati. Silikoni hukauka kwa kutumia unyevu wa hewa, na ukiipaka yote kama siagi kwenye mkate, ya katikati hubaki mbichi kwa siku nyingi. Nne, kandamiza, kisha shikiza rafu kwa tepu ya karatasi isiteleze. Tano, subiri. Saa 24 ndicho kiasi cha chini, na mara mbili yake ni bora zaidi. Muda wote huo usiweke hata kipande cha sabuni.

Ukiamua kutoboa, bandika tepu juu ya alama ili biti isiteleze, tumia biti ya marumaru, zima ule mtindo wa drili wa kugonga, na uende polepole. Usitoboe juu au chini ya bomba, wala karibu na hita ya kuogea, kwa sababu mabomba na nyaya mara nyingi hupita humo. Kamulia silikoni kidogo tunduni kabla ya kuingiza fisha, yaani kile kidude cha plastiki kinachoishika skrubu, ili maji yasipenye.

Gharama na mahali pa kununua

Supa gluu ndiyo ya bei ya chini kuliko zote. Silikoni na epoksi hugharimu zaidi ya hapo, na bunduki ya silikoni unainunua mara moja tu. Kariakoo, Dar es Salaam, utakuta aina nyingi, lakini hata duka la vifaa vya ujenzi la mtaani linatosha. Ulizia bei maduka mawili matatu, na usisahau kusoma tarehe ya mwisho wa matumizi: gundi iliyokaa sana dukani haishiki.

Usalama

Fungua dirisha unapofanya kazi, na weka gundi mbali na watoto na moto. Supa gluu ikikugandisha vidole, usivute. Viloweke kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni na uviachanishe taratibu. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi uende hospitali mara moja.

Rafu ikishakaa, kila mwezi itikise kidogo kwa mkono. Ukiona inacheza, shusha vitu vyote siku hiyohiyo, kwangua gundi ya zamani yote, kisha uanze upya. Gundi mpya ikipakwa juu ya ya zamani haidumu.